Gorfa Haioshwi kwa Sabuni

Siku mama yangu alipotembea kwa miguu kwenye njia ya Gotu, ndugu yangu aliamua kwamba kuanzia sasa mama atakaa ndani.

Mama alikuwa ametoka nyumbani kwetu Bulla Pesa baada ya swala ya alfajiri, nikiwa nawasha jiko. Alivaa kandambili mbili zisizofanana, moja yake na moja yangu, akafuata njia akidhani anakwenda Merti kwa ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe hao walikufa kwa ukame kabla sijazaliwa. Ndugu yangu alimpata saa nane mchana amekaa chini ya kijiti cha miiba, nyayo zimechubuka na midomo imepasuka. Alimbeba mwenyewe hadi kwenye pikapu. Nilimwona akilia, na yeye si mtu wa machozi. Ni dalali wa mifugo, mdomo wake ndio kazi yake. Kwa hiyo nisieleweke vibaya kwa haya nitakayosema juu yake. Alimpenda mama sana, ila alitaka kumpenda akiwa amefungiwa.

"Atakaa chumba cha nyuma," aliniambia. "Tutatafuta msichana wa kumwangalia. Chakula ataletewa, choo iko hapo hapo. Hakuna haja ya kutoka."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika, dada. Umechoka mpaka macho inaonyesha."

Hilo la uchovu lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliniuma. Mimi ndiye mkubwa, mjane, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na ndiye niliyelala chumba kimoja na mama tangu ugonjwa wa kusahau ulipomshika. Lakini nyumba ni ya ndugu yangu, na katika ukoo wetu mwenye nyumba akisema, mwalimu mstaafu anasikiliza. Nilimwomba anipe muda hadi Ramadhani iishe, nitafute namna. Alikubali kwa sharti moja: mama akipotea tena, maneno yameisha.

Namna yenyewe sikuwa nayo. Daktari alikuwa ametuambia kwamba ubongo wa mama unazeeka vibaya, kwamba dawa ya kuurudisha haipo, na kwamba tuwe wavumilivu. Majirani walisema ni jini. Shangazi mmoja alileta maji ya kombe, tukampa, akayanywa na kusema yanahitaji sukari. Wengine waliacha tu kuja. Watu waliokuwa wakimaliza siku nzima kwenye mkeka wa mama sasa walinisalimia kutoka upande wa pili wa barabara, "Salaam aleikum, mama hajambo?", wakipita bila kungoja jibu.

Na mimi mwenyewe nilikuwa na kosa langu. Nimeshika kalamu nyekundu maisha yangu yote, na mkono haukuweza kuacha. Mama akisema baba amechelewa kurudi kutoka malishoni, nilimsahihisha. "Mama, baba alikufa." Naye alikuwa akiisikia habari hiyo kama mara ya kwanza, anashika kichwa, analia na kuuliza amezikwa wapi na kwa nini hakuna aliyemwambia. Wiki iliyofuata yalikuwa yale yale. Nilimfanya mama yangu mjane mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, kwa sababu tu nilitaka jibu liwe sahihi.

Tuliingia makumbusho kwa bahati, tukitoka duka la dawa. Jua lilikuwa linachoma, mama alichoka, akaona mlango uko wazi na ndani kuna kivuli, akaingia kama mtu anayeingia kwake. Ni jumba dogo, vyumba vitatu vya mawe na paa la mabati, zamani palikuwa stoo ya nafaka. Nilipajua vizuri. Kwa miaka nilikuwa nikiwapeleka pale watoto wa darasa la sita, mikono nyuma, mstari mmoja, nikiwaambia msiguse, msiguse, msiguse.

Mama aligusa. Nilipomfikia alikuwa tayari ameshusha gorfa kutoka kwenye rafu. Gorfa ni chombo chetu cha maziwa, kinasukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi hadi kinashika maziwa bila kuvuja. Alifungua kifuniko, akatia pua ndani, akavuta pumzi. Askari wa mlangoni, mzee wa Kiturkana mwenye sauti ya upole, alikuja haraka.

"Mama, hiyo kitu haiguswi."

Mama hakumwangalia. Alinusa tena, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Nani ameosha hii na sabuni?"

Askari alinitazama mimi. Mimi nilishaanza kunyoosha mikono kuichukua gorfa na kutamka ule msamaha niliokuwa nao mdomoni kila tulipotoka nje: samahani, ni mgonjwa, hajui anachofanya, msimkasirikie. Nilikuwa nimeusema sokoni, hospitalini, kwenye matanga na kwenye harusi. Lakini mlango wa ofisi ulifunguka, akatoka mwanamke anayesimamia pale, Mmeru wa makamo mwenye sweta hata kwenye joto lile.

"Ngoja kidogo, mwalimu," alisema. "Nataka kusikia. Amesema nini juu ya sabuni?"

"Maziwa ya hapa itakuwa na harufu ya shati," mama alimjibu.

Yule msimamizi alisema bila kujitetea, "Ni mimi niliosha. Kulikuwa na wageni wanakuja, na hii ilikuwa na masizi ndani. Nikaweka sabuni ya unga, nikasugua mpaka ikatoka, nikaanika juani."

Mama alimtazama kwa huruma ya kweli. Alisema kwa Kiborana maneno ambayo ningeyalainisha kama ningekuwa peke yangu, lakini askari naye alikisikia Kiborana, akatafsiri yote: alikuwa anauliza kama huyu hakuwa na mama.

"Nilikuwa naye, shosho," alisema yule msimamizi, naye akacheka. "Lakini kwetu ni vibuyu. Niambie, ile masizi ni ya nini?"

Basi mama akamwambia. Gorfa huoshwa kwa moshi. Unachukua vijiti vya ejersa, mzeituni wa porini, unaviwasha hadi vinakuwa makaa, unavitia ndani, unafunika, unatikisa, unafungua, unapangusa, unarudia. Moshi ndio unaoua uchafu, ndio unaofanya maziwa yakae siku kadhaa bila kuharibika, ndio unaobana nyuzi. Ukiosha kwa sabuni na kuanika juani, nyuzi zinakauka na kuachana. Alimwonyesha kwa kidole mahali nyuzi zilipoanza kuachana. Mikono yake, ambayo nyumbani ilikuwa ikichezea pindo la shuka kutwa nzima, ilizunguka hewani ikitikisa makaa yasiyokuwepo. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza mwaka ule wote, na hakupotea hata neno moja. Mimi nilisimama kando nikisikiliza somo ambalo sikuwahi kulipata, kwa kuwa nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, na nilipoolewa niliomba chupa ya chai ya plastiki badala ya vyombo vya mama. Nilijiona mjanja siku ile.

Njiani kurudi nilishikwa na hasira ambayo haijaniisha hadi leo. Vitu vile vilisukwa na wanawake kama mama. Vilitoka katika nyumba zao, vikapangwa kwenye rafu, vikaandikiwa karatasi na mtu asiyejua vinatumikaje. Halafu mwanamke mwenyewe akija, mwenye ujuzi wote mkononi, anaambiwa asiguse. Na aliyewafundisha watoto wa mji huu kuficha mikono nyuma ni mimi.

Siku tatu baadaye msimamizi alinipigia simu. Hakuniuliza mama anaendeleaje. Aliuliza kama mama anaweza kuja kuiponya ile gorfa.

Tulikwenda Jumanne. Alikuwa ameomba vijiti vya ejersa kutoka kwa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia karibu na pale, ambao wanafukiza madebe yao ya plastiki kwa njia ile ile, na akawasha moto uani. Mama alikaa kwenye kigoda, akavikagua vijiti, akatupa viwili, akaanza. Moshi ulimwingia machoni, akawa analia na kupangusa na kuendelea. Aliomba mafuta, akaipaka gorfa nje kwa kiganja. Alimtuma msimamizi huku na huku kama mke wa mwanawe, na msimamizi alikwenda. Mama alipomaliza aliinusa, akanipa niinuse. Nilinusa na nikakumbuka maziwa ya utotoni, nikageuza uso kwa sababu machozi yangu hayakuwa ya moshi.

Sasa, wapo watakaofikiri nataka kusema mama alipona. Hakupona. Jioni ile ile aliniuliza mimi ni nani na kwa nini nakaa kwake. Jumanne iliyofuata hakukumbuka kwamba amewahi kufika pale. Lakini pua ilikumbuka, na mikono, na akiwa na moto mbele yake hakuniuliza hata mara moja turudi nyumbani saa ngapi. Alilala vizuri siku hizo, nami nikalala.

Msimamizi aliona jambo nisiloliona. Aliniambia mama si peke yake mjini, ila wengine wamefichwa. Akaanza kuuliza msikitini na kanisani. Wa kwanza kuja baada yetu alikuwa mzee wa Kimeru aliyekuwa na duka hapa kwa miaka mingi, ameletwa na mkewe, ameshika mkono wake kwa hofu. Msimamizi alitoa kwenye kabati ile mizani ya zamani ya sahani mbili na mawe yake, akaiweka mezani pamoja na gunia dogo la maharagwe. Mzee alisimama nyuma ya meza, akapuliza vumbi kwenye sahani, akasema, "Sema." Mkewe alielewa kabla yetu. "Kilo moja na nusu," alisema. Mzee alipima, akaongeza chembe chache juu, akamkaribisha tena. Alipima maharagwe yale yale hadi saa sita, na kila mtu aliyekuwepo alinunua.

Asubuhi za Jumanne zikawa zetu. Kanuni zilikuwa chache, na zilinipiga mimi mwalimu moja kwa moja. Hakuna kumuuliza mtu "unakumbuka?" Hakuna kumsahihisha. Vitu vinatoka kwenye rafu na vinashikwa. Na sisi tunaowaangalia tunaingia chumba cha tatu, tunakunywa chai, na hatutoki kila dakika kuchungulia, kwa maana msimamizi na askari wako pale.

Hicho chumba cha tatu nitakitetea mbele ya yeyote. Siku ya kwanza mke wa mwenye duka alikaa, akashika kikombe, na msimamizi akamuuliza, "Wewe umelala?" Hakuuliza habari ya mzee. Yule mama alilia hadi chai ikapoa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu mumewe augue. Pale ndipo nilipojifunza kwamba mama akisema baba amechelewa, ninaweza kumuuliza ng'ombe amewapeleka upande gani. Aliyenifundisha ni huyo mke wa mwenye duka, aliyefika darasa la nne. Nilijaribu jioni hiyo. Mama alinieleza upande wa malisho, na visima, na ng'ombe mwekundu mkaidi, kisha akalala bila kulia.

Bila shaka ilimbidi mtu aje kuharibu. Afisa mmoja wa juu alipita Jumanne moja, akakuta moshi uani, ngamia wa mbao mezani na mzee akipima maharagwe. Alimvuta msimamizi pembeni, ila si mbali.

"Hii ni makumbusho, si hospitali," alisema. "Hivi vitu ni vya serikali. Kikivunjika?"

Msimamizi alianza kueleza kwa adabu ya mfanyakazi. Mimi pensheni yangu imeshapita, sina adabu hiyo.

"Mheshimiwa, ile gorfa iliharibiwa na sabuni ya ofisi yako," nilimwambia. "Mikono iliyoitengeneza ni ile pale. Ukitaka kuandika barua, andika ya kumshukuru."

"Mama, mimi nafuata sheria."

"Basi andika kwenye sheria kwamba mwenyewe akija aruhusiwe kushika chake."

Aliondoka akisema atarudi. Mpaka leo hajarudi, na barua haijaja, wala ya shukrani.

Ramadhani ilikuwa imebaki wiki moja kuanza siku mama alipopotea tena.

Ilikuwa Jumanne, na ilitokea makumbusho. Nataka kulisema hilo wazi kwa sababu kuna watu wangependa nilifiche. Tulikuwa chumba cha tatu. Mke wa mwenye duka alikuwa akiiga jinsi mumewe alivyojaribu kuupima mkono wa mchungaji wa kanisa kwenye mizani, nami nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nje, askari alikwenda kufungua geti la gari. Msimamizi alikuwa ameinama kutafuta kitu kabatini. Nilipotoka kuongeza maji ya chai, kigoda cha mama kilikuwa wazi na moto ukiwaka wenyewe.

Sitaeleza vizuri kilichonipata. Miguu ilikwenda kabla ya akili. Nilikimbilia barabara kuu, kwenye malori yanayotoka Moyale, nikimtafuta kwa shuka yake ya kijani, na kila mwanamke mzee niliyemwona alikuwa na shuka ya kijani. Nilijilaumu kwa kila kicheko. Nilifikiria njia ya Gotu, na jua, na ndugu yangu akisema nilikwambia. Msimamizi alifunga makumbusho kwa kufuli katikati ya siku ya kazi na kuingia mitaani na sweta lake. Askari alipanda pikipiki kuelekea Ngare Mara. Mke wa mwenye duka alibaki na wagonjwa wengine uani, peke yake, akanunua maharagwe.

Ilipita saa nzima. Kisha simu ya msimamizi ikalia, naye akanipigia mimi, na aliyempigia yeye alikuwa mmoja wa wale akina mama wa maziwa ya ngamia, aliyetuletea maziwa ya chai kila Jumanne.

"Mama yenu yuko hapa," alikuwa amemwambia. "Anatusumbua. Msiharakishe."

Tulimkuta amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, debe la plastiki katikati ya magoti, pua ndani. Alikuwa amekagua madebe ya kila mtu. Mengine yalikuwa upande wake wa kulia, yamepita. Mengine upande wa kushoto, hayakupita, na wenyewe walikuwa wakiyafukiza upya mbele ya wateja huku wakitupiana macho. Mmoja wao alikuwa amemfunika kichwa kwa kitambaa chake mwenyewe ili jua lisimchome. Mwingine alimpa maji. Walimjua. Jumanne baada ya Jumanne walikuwa wamemwona kwenye moto wake, na alipotokea kati yao hakuna aliyemwona mwendawazimu. Walimwona fundi.

Nilikaa chini kwenye vumbi kando yake. Mama alinitazama, akanipa debe la kushoto.

"Wewe pia," alisema, "fanya kazi."

Akina mama walinishauri kitu kimoja wote: nisimwambie ndugu yangu. Walimjua, wanamuuzia maziwa. Mama amepatikana, mzima, kashiba maziwa. Kuna haja gani. Hata msimamizi alinyamaza kwa namna ya kukubali. Nami kwa muda nilitaka sana kusikiliza. Sharti lilikuwa wazi: akipotea tena, maneno yameisha. Lakini nikiificha siku ile, nitaificha na nyingine, na mwishowe nitakuwa namficha mama mwenyewe, na hapo tofauti yangu na chumba cha nyuma itakuwa nini? Nilichukua simu.

"Mama amepotea leo," nilimwambia. "Amepatikana. Amepatikana na watu wanaomjua. Na Jumanne ijayo tutaenda tena."

Nilisikia mbuzi nyuma yake. "Nitakuja kesho asubuhi," alisema, akakata.

Alikuja saa tatu, na hakuja peke yake. Alikuja na fundi wa vyuma, kijana wa watu mpole mwenye kalamu sikioni, amemleta kupima mlango wa chumba cha nyuma. Mlango wa chuma, wa kufungwa kwa nje. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani akichambua mchele. Ndugu yangu alimsalimia, akambusu kichwani, akapita.

"Ulinipa neno," aliniambia.

"Nilikupa. Na nimekwambia ukweli, nilipoweza kukuficha."

"Angegongwa na lori, dada. Ungeniambia ukweli gani?"

Lori lipo. Nilimwambia nisichowahi kumwambia mtu.

"Naogopa kama wewe. Lakini yeye akifungwa humo, nani atakaa naye? Msichana wa kuajiriwa atakaa mwezi, ataondoka. Ni mimi. Ukiweka huo mlango, unatufunga wawili. Mimi nimefungwa mwaka mzima bila mlango, najua kunavyokuwa. Nilikuwa namchukia. Umesikia? Nilifika mahali nikimsikia akiamka, namchukia mama yangu. Huko Jumanne ndiko nilikompata tena, na ndiko na mimi nilikopatikana. Sitaki kupumzishwa. Nataka mahali pa kwenda naye."

Ndugu yangu aliangalia ukuta. "Watu wanaongea," alisema kwa sauti ya chini. "Eti tumemwacha mama azurure sokoni, anusie watu madebe."

"Waambie ni kweli. Na waliofeli warudie."

Hakucheka. Alimpa fundi ishara ya kichwa. Kijana alitoa futi yake, akainyoosha kwenye fremu ya mlango, juu hadi chini, akaandika kwenye kiganja. Alihama kupima upana.

Sisi wote tulikuwa tumezungumza mbele ya mama, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyozungumza mbele ya kabati. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea. Tulidhani anayesahau hasikii. Mama aliweka sinia la mchele chini.

"Wewe mtoto," alimwita fundi. "Unapima nini?"

Fundi alimtazama ndugu yangu, akakosa msaada, akajibu kwa heshima kama anayemjibu bibi yake. "Mlango, akko. Ya chuma."

"Ya kufunga nani?"

Kuku walikuwa wameanza kudonoa mchele na hakuna aliyewafukuza. Mama alituangalia mmoja mmoja, mimi, ndugu yangu, kisha fundi, na sijui siku ile alidhani sisi ni akina nani wake. Alimwelekeza kidole ndugu yangu, kuanzia kichwani, taratibu, hadi viatuni.

"Basi mpime na huyu," alimwambia fundi. "Yeye ndiye anataka kuingia."

Fundi alisimama na futi mkononi, akingoja kuambiwa. Ndugu yangu, mwenye mdomo wa kuuza ng'ombe mgonjwa kwa bei ya mzima, aliuacha mdomo huo, akawageukia kuku. Aliinama, akawafukuza, akakaa kwenye mkeka mbele ya mama, akavuta sinia na kuanza kuchambua mchele naye, vibaya, akiacha mawe na kutupa mchele. Mama alimtazama kwa muda, akamshika mkono na kumwonyesha.

Mimi ndiye niliyemwambia fundi akunje futi yake aende.